Ngozi Nyeusi ya Jangwa la Utah

Mama akiisha kupakua bukari, chini ya chungu hubaki tabaka jembamba, kavu, gumu, ambalo watoto huligombania: ndio ukoko. Neno hili latufaa sana leo, kwa maana tunataka kuwaongoza wasomaji wetu mpaka nchi moja ya mbali ambako ardhi yenyewe ina ukoko. Tena si udongo uliokauka tu, bali ukoko ulio hai, wenye kulala na kuamka, wenye kunywa maji, na ambao hatua moja ya kiatu yatosha kuuharibu kwa miaka mingi.

Nchi hiyo ni pembe ya kusini-mashariki ya Utah, katika Marekani. Mji wake ujulikanao zaidi ni Moab, mji mdogo wa watu wapatao 5,000, uliojengwa kando ya mto Colorado. Ukiitazama ramani utaona kwamba Moab imeinuka juu ya usawa wa bahari karibu sawa na Lubumbashi, yaani mita 1,200 na zaidi kidogo. Lakini mfanano wao waishia hapo. Lubumbashi hupata mvua ya milimeta 1,200 hivi kila mwaka; Moab hupata kama milimeta 230, na sehemu yake huanguka kama theluji. Wakati wa jua kali joto hupita digrii 38. Wakati wa baridi maji yaliyomo udongoni huganda usiku yakawa mawe. Mimea inayokaa hapa imejifunza kuvumilia yote mawili.

Msafiri atokaye Moab hupita katikati ya kuta za mawe mekundu zilizochongwa na maji na upepo kwa mamilioni ya miaka. Hapa pana matao yaliyo wazi kama milango ya kanisa kubwa. Pale pana nguzo zilizosimama peke yake, zikibeba mawe makubwa vichwani kama mama abebavyo mtungi. Serikali imezitenga hifadhi mbili ili nchi hii isiharibiwe: Arches, iliyowekwa chini ya ulinzi mwaka 1929 na kupewa cheo cha hifadhi ya taifa mwaka 1971, na Canyonlands, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mwaka 2021 watu zaidi ya milioni moja na laki nane waliingia Arches. Karibu wote hutembea na vichwa vimeinuliwa, nasi hatuwalaumu. Ila sisi tunamwomba msomaji wetu ainame.

Katikati ya vichaka vilivyotawanyika, mahali ambapo tungetazamia mchanga mtupu, ardhi ni nyeusi, nayo imejaa vinundu visivyo na idadi. Aliyewahi kuiona Katanga kutoka ndegeni, pamoja na vichuguu vyake vilivyosimama kila mahali porini, aweza kuiwazia nchi hii ndogo: ni vichuguu vilevile, ila havizidi sana urefu wa kidole. Hii ndiyo ngozi ya jangwa. Watu wengi wameikanyaga wakidhani ni uchafu, au udongo uliochomwa na moto.

Ukitwaa kipande chake na kukitazama kwa hadubini, utakuta kabila zima la viumbe. Wa kwanza ni sayanobakteria, ambao ni miongoni mwa viumbe wa kale kabisa duniani. Hujipatia chakula kwa nuru ya jua, kama majani yafanyavyo. Aina iliyo nyingi hapa wataalamu huiita Microcoleus vaginatus. Nyuzi zake nyembamba hukaa nyingi pamoja ndani ya ala moja yenye utelezi. Mvua ikinyesha, ala huvimba, nazo nyuzi hutambaa zikiitafuta nuru. Udongo ukikauka, husimama pale pale zilipofika, zikangoja. Ikija mvua nyingine zitatambaa tena na kujifanyia ala mpya. Zile ala kuukuu hubaki ndani ya mchanga, zikizishika chembe zake na kuzifunga pamoja, kama mizizi ya majani ishikavyo udongo wa ukingo wa kijito. Miaka ikipita, juu ya msingi huo huja likeni, ambazo ni kuvu na kijimea walioungana kuishi kama mwili mmoja. Huja pia vile vijani vifupi, laini, vinavyofanana na zulia la kijani tulionalo juu ya mawe yenye unyevu. Baadhi ya wakazi hawa huvuta nitrojeni kutoka hewani na kuurutubisha udongo. Rangi nyeusi ni kinga yao: huwakingia jua lisiwaue.

Wala haya si mambo ya Utah peke yake. Wataalamu waliofanya hesabu na kuitangaza mwaka 2018 walikadiria kwamba ukoko wa namna hii hufunika karibu asilimia 12 ya nchi kavu yote ya dunia.

Sasa tuje kwenye maji, kwa kuwa jangwani ndiyo mali ya kwanza. Je, ukoko huu huyalinda maji, au huyapoteza? Atazamiaye jibu la neno moja ajue kwamba hatalipata.

Tuanze hapa Utah. Wakati wa baridi, maji yaliyo ndani ya udongo huganda, na yakiganda huvimba, yakauinua ukoko. Kwa kuwa nyuzi zimeushika vizuri, ukoko hauanguki tena. Hubaki umesimama, na hivyo ndivyo vinundu vizaliwavyo. Mvua ikishuka juu ya uso huo wenye mashimo na vilima, haiwezi kukimbia. Hutulia katika vibonde vidogo, ikapata nafasi ya kushuka polepole ndani ya ardhi. Mahali penye vinundu virefu, basi, ukoko ni msaada mkubwa kwa mzizi ulioko chini.

Lakini si kila jangwa lina baridi ya kuuinua ukoko. Ili kuona upande wa pili hatuna budi kuiacha Marekani kwa kitambo na kuvuka bahari mpaka jangwa la Negev, kusini ya Israeli. Katika vilima vya mchanga vya Nizzana, karibu na mpaka wa Misri, mvua ya mwaka haifiki milimeta 100, na ukoko wake ni tambarare kama sakafu iliyosiribwa. Zile ala zikinywa maji huvimba na kuziba vitundu vya udongo. Mvua inayofuata haipati pa kuingia, nayo hutiririka juu juu. Kila mama afagiaye uwanja wake kila siku amekwisha kuona jambo hilo mbele ya mlango wake mvua za kwanza zinapokuja.

Mtu wa haraka atasema: kumbe ukoko wa Negev ni mwizi wa maji! Asihukumu upesi. Maji hayo hayaendi mbali. Hukamatwa na vichaka, kwa maana chini ya kichaka udongo ni mwororo na umechimbwa na wadudu. Hivyo kichaka kimoja hunywa mvua iliyoanguka juu ya eneo kubwa kuliko kivuli chake. Mvua ile haba ingegawanywa sawasawa kwa kila shibiri ya ardhi, jua lingeirudisha juu yote kabla ya mzizi wowote kuonja. Maskini mwenye vikombe kumi vya maji na miche kumi ya miti hufanya vema zaidi akimwagilia michache mpaka ishibe.

Kabla hatujarudi, tutazame kidogo mpaka wenyewe. Katika picha zilizopigwa kutoka angani, mstari kati ya Negev na Sinai umeonekana wazi kama ulivyochorwa kwenye karatasi: upande wa Israeli nchi ni ya giza, upande wa Misri ni nyeupe. Mtaalamu mmoja, Otterman, aliandika habari zake mwaka 1974, na kwa muda mrefu watu walidhani sababu ni wingi wa vichaka. Mwaka 1995 Karnieli na Tsoar walionyesha kwamba kilicho kikubwa ni ukoko: upande mmoja uliachwa ukamee, upande wa pili ulivunjwavunjwa na kwato za mifugo na miguu ya watu. Kitu ambacho hatukioni tukisimama juu yake, kilionekana kwa jicho lililo mbali sana na dunia.

Na jua je? Maji yakiisha kuingia ardhini, je, ukoko huyafunika yasigeuke mvuke? Hapa wataalamu wamebishana sana, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Kwa kuwa ni mweusi, ukoko hupata moto kuliko mchanga mtupu. Imepimwa tofauti ifikayo hata digrii 10, na kitu chenye moto hukausha upesi. Tena hunasa vumbi laini la upepo, na vumbi laini hushika maji karibu na uso wa nchi, ambako jua huyapata kwa urahisi. Lakini huku huziba vitundu ambavyo mvuke ungepandia. Mwaka 2020 David Eldridge, mtaalamu wa Australia, pamoja na wenzake, walizikusanya taarifa zaidi ya 100 zilizoandikwa katika nchi mbalimbali, wakazijumlisha. Walikuta kwamba, kwa wastani, mahali penye ukoko maji yanayopenya ardhini hupungua kama theluthi moja. Unyevu wa sentimita 3 za juu huzidi kwa asilimia 14 hivi. Chini zaidi haikuonekana tofauti. Lakini udongo uchukuliwao na maji ya mvua hupungua kwa karibu theluthi mbili. Msomaji aishike hesabu hii ya mwisho. Kwa maoni yetu ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, na punde tutaona kwa nini.

Kwanza, turudi karibu na Moab, mahali paitwapo Castle Valley, kwa ajili ya kijani kimoja ambacho hatungependa kukipita. Jina lake la kitaalamu ni Syntrichia caninervis. Kila jani lake, ambalo ni dogo mno, lina unywele mweupe kwenye ncha. Unywele huo hukusanya umande na ukungu, ukaupeleka mpaka kwenye jani. Maana yake mmea huu hunywa kwa kichwa wala si kwa mzizi. Ukikauka huonekana umekufa kabisa, mweusi kama masizi. Mwagia tone moja la maji: kabla hujamaliza kuhesabu mpaka mia, umekwisha kuwa wa kijani.

Wataalamu walitaka kujua itakuwaje mvua za nchi hii zikibadilika. Wakawa wanauongezea wakati wa joto mvua ndogo ndogo za milimeta 1.2 tu. Tungedhani mmea wa jangwa ungefurahia. Kinyume chake, ulikufa: mwanzoni ulifunika kama robo ya ardhi, na baada ya msimu mmoja tu haukufika hata asilimia 2. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2012. Sababu yake ni hii. Kila mara mmea unapoamshwa, hauna budi kutumia akiba yake ya chakula kwa kujitengeneza, na baadaye tu ndipo uanzapo kuchuma. Mvua ndogo ya mchana wa joto hukauka kabla ya saa ya kuchuma haijafika. Ni kama mwenye duka afunguaye mlango, awashe taa, alipe kibarua, kisha afunge kabla mnunuzi wa kwanza hajaingia. Akifanya hivyo kila siku, akiba yake itakwisha, ingawa mlango wake ulifunguliwa mara nyingi.

Viumbe hivi vyavumilia jua, baridi na kiu, lakini kukanyagwa haviwezi. Ukoko mkavu huvunjika kama kaki. Tena nchi hii ya miamba haikuwa imezoea makundi makubwa ya wanyama wenye kwato. Wenye ng'ombe na kondoo waliingia katika nusu ya pili ya karne ya 19, wakajaza mifugo mahali ambapo majani hayakutosha. Katika Canyonlands kuna kiwanja kimoja kiitwacho Virginia Park, kilichozungukwa na miamba pande zote hata mifugo haikuweza kuingia. Karibu nacho kuna Chesler Park, kilicholishwa kwa miaka mingi. Kleiner na Harper walivilinganisha mwaka 1972. Mvua ni ileile, mchanga ni uleule. Lakini ukoko ulikuwa mwingi zaidi sana pale ng'ombe hawakufika.

Baada ya ng'ombe wakaja watafutaji wa urani, yale madini yaliyolifanya jina la Shinkolobwe yetu lijulikane duniani. Mwaka 1952 iligunduliwa urani nyingi karibu na Moab, na magari yakachimba njia kila mahali. Siku hizi wanaokanyaga ni watalii na vyombo vyao. Nao ukoko hauponi upesi. Nyuzi za kwanza zaweza kurudi baada ya miaka michache, lakini likeni na vile vijani hutaka miongo ya miaka, na pengine zaidi ya umri wa mtu. Katika jangwa la Mojave, upande wa California, jenerali Patton aliwafundisha askari wake vita vya vifaru mwaka 1942. Alama za minyororo ya vifaru hivyo zingali zinaonekana mchangani.

Ukoko ukivunjika, mchanga hufunguliwa, na upepo wa majira ya kuchipua hauna huruma. Vumbi jekundu huinuka kutoka nyanda za Utah na Arizona, likasafiri kuelekea mashariki mpaka milima ya Rocky, likatua juu ya theluji. Katika matope ya maziwa madogo ya milima ya San Juan, wataalamu wamesoma historia ya vumbi hilo kama mtu asomavyo kurasa za kitabu: tangu karne ya 19, wenye mifugo walipoingia, vumbi liliongezeka kwa asilimia 500 kupita kiasi cha kale. Karne ya 20 lilipungua kidogo, na huenda sheria ya mwaka 1934 iliyoweka mpaka wa malisho ilisaidia. Lakini halijarudi kama lilivyokuwa.

Wengi wetu hatujaona theluji isipokuwa katika picha, hata hivyo jambo lenyewe ni rahisi. Mwenye nguo nyeupe haoni joto la jua kama mwenye nguo nyeusi. Theluji safi huurudisha mwanga wa jua; theluji yenye vumbi huumeza, ikayeyuka kabla ya wakati wake. Nchi ikivuliwa lile blanketi mapema, udongo na miti ya mlimani hubaki juani siku nyingi zaidi, ikiyanywa na kuyarudisha hewani maji ambayo yangeshuka mtoni. Mwaka 2010 Thomas Painter na wenzake walitangaza hesabu yao: kwa sababu ya vumbi, maji ya mto Colorado hujaa yapata majuma matatu mapema kuliko ilivyokuwa desturi, nao mto hupoteza karibu asilimia 5 ya maji yake ya mwaka, yaani zaidi ya mita za ujazo bilioni moja.

Mto huo ndio uleule upitao kando ya Moab. Watu wapatao milioni 40, katika Marekani na Meksiko, hunywa na kumwagilia mashamba kwa maji yake. Majimbo yaligawana maji hayo kwa mkataba wa mwaka 1922, na tangu hapo hawajaacha kugombana, maana waligawana mengi kuliko yaliyomo. Siku hizi mto ni nadra kufika baharini. Katika ugomvi huo wa mabwawa na mifereji, ni wachache waukumbukao ukoko. Hata sisi twakiri kwamba si rahisi kuamini kuwa kijitu kisichozidi urefu wa kidole kina neno la kusema juu ya mto wenye urefu wa kilometa 2,300. Lakini hesabu ndiyo hiyo. Tulikuwa tukiuliza ukoko huweka maji kiasi gani chini ya nyayo zetu, na kumbe hasara iliyo kubwa hutokea mamia ya kilometa kutoka hapo, juu mlimani.

Wapo sasa wanaojaribu kuuponya. Jayne Belnap, aliyeuchunguza ukoko kutoka Moab kwa miaka mingi, alisaidia kuwafanya watu waujue. Na wengine, hasa katika chuo kikuu cha Northern Arizona, wameotesha sayanobakteria na vile vijani katika nyumba za vioo, kama tuoteshavyo miche kitaluni, ili kuvirudisha jangwani. Kuviotesha wamefaulu kwa miezi michache tu. Kuvihamisha ndiko kugumu: vilivyolelewa kwa maji ya kila siku mara nyingi hufa vikiachwa juani, kwa hiyo hawana budi kuvizoeza ukame kidogo kidogo kabla ya kuvipeleka.

Kwa wale wanaokuja kutembea, walinzi wa hifadhi huweka vibao njiani wakiwasihi wasiuvunje ukoko. Nao huwaonyesha pa kupita: juu ya mwamba mtupu, katika njia zilizowekwa alama, au ndani ya vijito vikavu, ambako mchanga ni mwepesi, hauna ukoko, na gharika ya kwanza itazifuta nyayo zote.